Nilimpeleka baba Kilwa kupiga picha, nikagundua haoni pembeni

Kwa miaka 31 baba yangu alifundisha Historia, na kila mwaka alichora ubaoni ramani ya pwani ya Afrika Mashariki, akaweka nukta na kuandika Kilwa. Wanafunzi wake walijua kwamba mji ule ulishika biashara ya dhahabu kutoka Sofala, kwamba ulikuwa na sarafu zake wenyewe, kwamba msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu, na kwamba Wareno waliuvamia mwaka 1505. Baba mwenyewe hakuwahi kufika. Alistaafu bila kuona hata jiwe moja la Kilwa.

Septemba mwaka jana nilimpeleka. Nilichukua likizo ya siku nne, nikamfuata Morogoro, tukalala Dar es Salaam kwa shangazi, na alfajiri tukapanda basi la kusini pale Mbagala Rangi Tatu. Mama alikuwa ameniaga kwa onyo moja: “Usimchoshe baba yako, na chakula chake kisitiwe chumvi. Ana presha.”

Naomba uikumbuke chumvi hiyo. Tutairudia.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kazi hunizungusha mikoani, na huko nimejenga tabia moja: nikishamaliza kazi, kabla sijapanda basi la kurudi, napiga picha za majengo ya zamani. Nina picha za boma la Bagamoyo, za nyumba kuukuu za Pangani kando ya mto, na za vichochoro vya Mikindani. Hizo si za gazeti. Ni zangu tu.

Tabia hiyo sikuiokota njiani. Baba alikuwa na kamera ya mkanda, Yashica aliyoinunua kwa mshahara wa miezi kadhaa. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, na kuzisafisha ilikuwa gharama, hivyo hakubonyeza ovyo. Kila likizo alitupanga mbele ya nyumba ya babu, akarudi nyuma hatua tatu, kisha nyingine tatu, mpaka mwembe uingie, na banda la kuku liingie, na jirani anayepita na ndoo naye aingie. Sisi watoto tulionekana wadogo kama visoda. Nyuma ya kila picha aliandika kwa kalamu mahali, tarehe na majina ya waliopo. Mama anazitunza albamu hizo kabatini, pamoja na vikombe vya wageni.

Tulipovuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, alisimama kabisa kitini ili aone maji vizuri. Kondakta akamwambia, “Mzee, kaa, utaanguka.” Akakaa, lakini alikuwa anatabasamu kama mtoto anayepelekwa mjini kwa mara ya kwanza.

Tulilala gesti Kilwa Masoko. Asubuhi tulilipa kiingilio, tukapewa kijana wa kutuongoza, mwenyeji wa kisiwani, tukavuka kwa boti kwenda Kilwa Kisiwani. Si mbali, ni dakika chache tu. Nilitaka tuwahi kwa sababu ya jua. Magofu yale yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na jua la saa sita huyafanya yaonekane bapa kama ukuta wa saruji. Saa moja asubuhi, au saa kumi na moja jioni, jua huja kwa ubavu, na kila tundu kwenye jiwe hutoa kivuli chake. Hapo ndipo picha inapata uhai, hata kwa simu ya kawaida.

Nilimpa baba simu yangu ya pili, nikamfutia kioo cha kamera kwa kitambaa laini, nikamwambia, “Leo hakuna mkanda. Piga unavyotaka.”

Aliposhuka kwenye boti alijikwaa kwenye kamba ya nanga. Alicheka, akasema, “Macho ya uzee haya.” Nami nikacheka. Tukapita kwenye Gereza, ile ngome iliyo karibu na ufuko, tukaendelea hadi Msikiti Mkuu.

Pale alinyamaza. Msikiti ule ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, na sehemu ya ile paa yake ya kuba bado imesimama. Baba aliweka kiganja kwenye nguzo, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akasema, “Mwanangu, huu msikiti nimeufundisha kama mtu anayesimulia ndoto ya mwenzake.”

Akaanza kupiga picha. Kila baada ya chache nilichungulia kwenye kioo cha simu, nikashangaa. Nguzo iko wima, tao liko katikati, hakuna kuku wala jirani na ndoo. Nikamsifu. “Baba, siku hizi unapiga kama wapiga picha wa magazetini. Umeacha kujaza vitu.” Akafurahi sana kusikia hivyo kutoka kwangu.

Tukiwa njiani, bega lake la kushoto liligonga ukingo wa mlango wa mawe. Baadaye mtoto mmoja wa kijijini alimwamkia kutoka upande huohuo, “Shikamoo babu,” mara mbili, na baba akageuka mara ya tatu, akimtafuta aliyesema. Niliyaona yote hayo. Sikuyaunganisha.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na magofu mengine, juu ya genge linalotazama bahari. Ni kasri lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane ambalo kila mgeni hutaka kulipiga picha. Baba alilipiga, kisha akaiona bahari mbele yake, akaanza kuiendea huku simu ameishika mkononi.

Mbele ya mguu wake wa kushoto ukuta ulikuwa umeanguka na ardhi imekatika. Palikuwa na shimo pana kama meza ya kulia chakula. Baba hakupunguza mwendo. Alitembea kama mtu aliye sebuleni kwake. Yule kijana aliruka, akamdaka shati mgongoni. Simu ikaanguka shimoni, tukasikia kioo kikipasuka.

“Mzee, hukuliona shimo?” kijana akauliza, akihema.

Baba akageuza kichwa, akatazama kulia, akatazama mbele. “Shimo lipi?”

Nilikaa chini pale pale kwenye mawe. Maneno kama hayo nimewahi kuyaandika kwenye daftari langu la kazi, nikiwa kwenye kliniki za macho, kutoka kwa wagonjwa wengine. Mlango upi? Pikipiki ipi? Shimo lipi?

Presha ipi?

Usiku ule gesti nilimwomba baba akae kitandani, afunike jicho la kulia kwa kiganja na kutazama pua yangu. Mimi si daktari. Nimeona madaktari wakifanya hivyo nikiwa kazini. Nikakileta kidole changu kutoka upande wa kushoto, polepole, nikamwambia aseme akikiona. Kidole kilisogea, kikasogea, mpaka kikakaribia kabisa uso wangu. Ndipo aliposema, “Hicho hapo.”

Nikamuuliza kama amewahi kupimwa macho. Akasema ndiyo, miaka miwili iliyopita. Kulikuwa na upimaji wa bure mjini, akaenda na wastaafu wenzake, watu walikuwa wengi sana. Walimwambia, “Mzee una presha ya macho,” wakampa kichupa cha matone. Alikitumia kama alivyoelekezwa.

“Kisha?”

“Kisha dawa ikaisha. Nikajua nimepona.”

“Hawakukwambia urudi?”

“Labda walisema. Nilichosikia mimi ni presha. Nikamwambia mama yako apunguze chumvi.”

Miaka miwili nzima nyumbani kwetu maharage yamepikwa bila chumvi. Tulinung'unika wote. Kaka yangu alifikia hatua ya kubeba chumvi yake mfukoni kila anapokwenda kusalimia. Mama alisimamia jambo lile kwa nguvu zake zote, kwa sababu alimpenda mumewe na alitaka presha ishuke. Na wakati wote huo, kila siku, jicho la kushoto la baba lilikuwa linafungwa taratibu kutoka pembeni, bila maumivu, bila uwekundu, bila kelele.

Baba alipolala, nilitafuta kwenye simu yangu makala niliyoandika miaka mitatu nyuma, mwezi Machi, katika wiki ya dunia ya kuelimisha kuhusu glakoma. Nakumbuka nilimtumia, naye akanijibu, “Nimesoma, umeandika vizuri.” Niliisoma upya gizani. Nilikuwa nimeandika “presha ya macho” mara 11. Hakuna mahali hata pamoja nilipoeleza kwamba hiyo si presha ya damu. Mimi nilijua, daktari niliyemhoji alijua, mhariri alijua, na wote watatu tukadhani kila mtu anajua.

Basi niandike leo nilichopaswa kuandika wakati ule.

Presha tunayopimwa mkononi kwa kufungwa mkanda ni msukumo wa damu kwenye mishipa. Presha ya macho ni msukumo wa majimaji yaliyo ndani ya jicho lenyewe. Ni vitu viwili tofauti, na vinapimwa kwa vifaa tofauti. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Baba alipopimwa, presha yake ya damu ilikuwa ya kawaida kabisa. Kupunguza chumvi ni jambo jema kwa afya, lakini hakutibu jicho.

Glakoma huharibu neva inayopeleka picha kutoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo. Mara nyingi msukumo ndani ya jicho huwa mkubwa, ingawa wapo wanaougua ilhali kipimo hicho kiko kawaida, na ndiyo maana daktari huitazama pia neva yenyewe nyuma ya jicho. Kwa wengi uoni huanza kupungua pembeni. Katikati hubaki safi kwa muda mrefu, mtu anasoma gazeti, anahesabu fedha, anatambua sura za watu, anasema macho yake ni mazima.

Watu huichanganya na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, na ukifanyiwa upasuaji uoni unaweza kurudi. Kwa glakoma, kilichopotea hakirudi. Tiba, iwe ya matone, ya mionzi ya leza au ya upasuaji, hulinda kilichobaki. Kwa wengi matone ni ya maisha yote. Kichupa kikiisha unachukua kingine, hata kama hujisikii kuumwa popote.

Walio katika hatari zaidi ni wenye umri wa kuanzia miaka 40, watu wenye asili ya Afrika, na wale ambao mzazi au ndugu wa tumbo moja anao ugonjwa huo. Hicho cha mwisho kinanihusu mimi, dada yangu na kaka yangu.

Jumatatu ile tulikuwa hospitali. Walimpima msukumo, wakamtia dawa ya kupanua mboni, wakamkalisha kwenye mashine ambayo mtu hubonyeza kitufe kila anapoona nukta ya mwanga. Nilisimama nyuma yake. Nukta zilitokea upande wa kushoto, nyingi, na mkono wake ukakaa kimya. Nilijizuia nisimwambie, “Baba, bonyeza.”

Daktari alimweleza bila kuficha. Jicho la kushoto limepoteza sehemu kubwa. La kulia limeguswa, ila bado lina nguvu. Kilichobaki kinaweza kulindwa, mradi asiache matone hata siku moja.

Baba alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akijibu swali, kisha akauliza, “Naruhusiwa kuendelea kupiga picha?”

Daktari akasema anaruhusiwa. Wakatuandikia dawa, tukatoka.

Mama alipoelezwa, hakulia. Alikasirika. Alimkasirikia baba kwa kutouliza, akanikasirikia mimi kwa kuandika magazetini mambo ambayo nyumbani sikuyasema kwa mdomo. Kwa hilo sikuwa na la kujibu. Jioni alitia chumvi kwenye maharage. Tulikula, hakuna aliyesifia.

Kuangalia picha zile upya

Kioo cha simu kilipasuka, lakini picha zilipona. Zilikuwa 64. Nilizipitia tena baada ya hospitali, nikaziweka kando ya zile za albamu. Picha haipimi macho, na huenda nazisoma kwa uchungu tu. Lakini mtu aliyekuwa akirudi nyuma hatua sita ili mwembe uingie, Kilwa alipiga tao na kuacha bahari iliyokuwa kando yake. Alipiga nguzo moja na kuniacha mimi niliyesimama hatua mbili kushoto kwake. Nilidhani ni ufundi. Nikamsifu.

Tangu hapo tumesafiri mara moja zaidi. Desemba tulikwenda Bagamoyo na magofu ya Kaole. Sasa tuna utaratibu wetu. Mimi natembea kushoto kwake. Nikiona kitu namwambia, “Kushoto kuna mbuyu,” naye anageuza kichwa chote, sio macho tu, anautafuta mpaka aupate, ndipo anapiga. Kila mahali anapiga mara tatu: kushoto, katikati, kulia. Jioni tukizitazama kwenye simu tunazipanga pamoja, na anaona yale ambayo pale penyewe yalimpita. “Kumbe kulikuwa na watoto,” alisema kuhusu picha moja ya Kaole. Akaikuza kwa vidole, akawahesabu. Walikuwa wanne.

Nimeulizwa na wazazi kadhaa namna ya kufanya safari kama hizi bila gharama kubwa. Huhitaji kwenda Kilwa. Karibu kila wilaya ina kitu cha zamani: boma, kanisa, msikiti, stesheni ya reli, soko, nyumba ya babu yenu mwenyewe. Nenda asubuhi au jioni. Mweke mtu kwenye picha ili ukubwa wa jengo uonekane, na ili siku moja umkute huyo mtu humo. Usipande juu ya kuta za magofu, wala usimruhusu mtoto apande, zimechoka. Ukitaka kumpiga picha mtu usiyemjua, mwamkie kwanza, kisha umwombe. Maeneo ya jeshi na ya ulinzi achana nayo. Ukirudi nyumbani chagua picha chache, zisafishwe, kisha andika nyuma mahali, tarehe na waliopo. Simu hupotea, huibiwa, na kama mnavyojua sasa, huanguka shimoni.

Wala picha hizo si mchezo mtupu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa miongoni mwa yale yaliyo hatarini, moja ya sababu ikiwa bahari inayokula ufuko. Yalitolewa kwenye orodha hiyo ya hatari mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyakarabati na kuyalinda. Picha ya mwaka jana ikiwekwa karibu na ya mwaka huu, unaona jiwe lililoanguka.

Lakini ninalokuomba zaidi, wewe unayesoma hapa kwenye simu, mpe mzee wako naye aishike kamera. Tembea naye mahali asipopazoea. Nyumbani wazee wetu wanajua kila kizingiti na kila kona, wanatembea kwa kumbukumbu, na sisi tunadhani wanaona. Ugenini kumbukumbu haisaidii. Ukimwona anajikwaa, anagonga bega, hageuki anapoamkiwa kutoka upande mmoja, usicheke ukasema ni uzee kama nilivyofanya mimi. Mpeleke akapimwe. Na akirudi amesema kaambiwa ana presha, muulize: presha ipi?

Baba anatia matone yake saa tatu usiku. Nimemwekea kengele kwenye simu, ila kila usiku hunipigia kabla haijalia, kunijulisha kwamba ameshatia. Picha ya Msikiti Mkuu ameomba isafishwe kubwa, iko sebuleni, juu ya kabati la albamu. Nyuma ameandika Kilwa Kisiwani, tarehe, na kwenye waliopo ameandika jina langu, ingawa kwenye picha simo.

Mimi na dada yangu tumeshapimwa. Kwa sasa tuko salama, tumeambiwa turudi kila mwaka. Kaka yangu bado. Kila wiki ana sababu mpya, na yeye ndiye mkubwa wetu, mwaka huu anafikisha 41.

Kaka, najua ukurasa huu huwa unausoma. Nenda ukapimwe wiki hii, kisha uje Morogoro tule pamoja. Chumvi yako iache. Nyumbani ipo.